Umbali wa anga na muda wa safari ya ndege

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege ni urefu wa njia fupi kuliko zote inayoviunganisha juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa dunia ni tufe, njia hiyo ni tao la duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe, na hukokotolewa kwa latitudo na longitudo za viwanja hivyo pamoja na nusukipenyo cha dunia, ambacho kwa wastani ni kilomita 6,371. Ndiyo maana njia ya London hadi New York huonekana kwenye ramani bapa kana kwamba imepinda kuelekea kaskazini, ilhali hakuna iliyo fupi zaidi. Urefu wake ni takriban kilomita 5,550.

Muda wa safari ni suala jingine, na hapo ndipo hesabu nyingi za haraka hukosea. Mwendokasi wa ndege kubwa ya abiria, ambao ni kama kilomita 900 kwa saa, hupimwa kwa kulinganisha na hewa inayoizunguka, na hewa hiyo nayo haitulii. Katika anga za juu za Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tuseme upepo huo una kasi ya kilomita 100 kwa saa: ndege inayotoka London itasonga juu ya ardhi kwa kilomita 800 kwa saa na kutumia saa 6 na dakika 56 angani, ilhali inayorudi itatumia saa 5 na dakika 33. Jumla ya safari hizo mbili bado huizidi ile ya siku isiyo na upepo kwa dakika kama 9, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga. Mwezi Februari 2020, upepo wa dhoruba uliiwezesha ndege moja kutoka New York kufika London kwa muda usiotimia saa 5.

Ratiba huongeza pia dakika za kutembea ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua. Njia yenyewe nayo huweza kurefuka: tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka takriban saa 9 na nusu hadi takriban saa 13, ingawa umbali wa anga haukubadilika hata kidogo.

Muda unaoandikwa kwenye tiketi, kwa upande wake, hufuata saa za kila mji. Ndege inayoondoka New York saa 3 usiku na kufika London saa 3 asubuhi imesafiri kwa saa 7 tu, kwa kuwa London kwa kawaida iko mbele kwa saa 5.