Wati za Kwenye Boksi Hazichagui Risiva

Swali la risiva, ile mashine inayolisha spika za sinema ya nyumbani, kila spika na chaneli yake, limerudi tena wiki hii, na safari hii nalijibu mpaka mwisho. "Fundi, kuna risiva ya wati 80 kwa chaneli na kuna seti ya wati 1000, bei zinakaribiana. Si nichukue ya 1000?" Usichukue. Anayeuliza hana kosa lolote. Kosa liko kwenye ile namba, kwa sababu imeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi bila masharti yake.

Masharti ni manne: omu ngapi (ukinzani wa spika), masafa gani (hezi, yaani sauti nzito au nyembamba), upotoshaji asilimia ngapi (sauti ilivyoharibika), na chaneli ngapi zilikuwa zikifanya kazi kwa pamoja wakati wa kupima. Fungua kitabu cha maelekezo cha risiva yoyote ya bei nafuu, nenda kurasa za mwisho penye jedwali la vipimo. Mara nyingi utakuta mistari miwili. Wa kwanza, mathalani, unasema wati 140: omu 6, kilohezi 1, upotoshaji asilimia 10, chaneli moja. Wa pili unasema wati 80: omu 8, hezi 20 hadi kilohezi 20, upotoshaji asilimia 0.08, chaneli mbili. Mashine ni ileile, transfoma ni ileile. Upotoshaji wa asilimia 10 maana yake mawimbi yamekatwa vichwa na sauti inakwaruza kiasi kwamba mwenyewe utanyoosha mkono kuipunguza. Kilohezi 1 ni mlio usio na besi, na besi ndiyo inayokula umeme. Chaneli moja maana yake transfoma nzima inalisha spika moja, nyingine zote zimelala. Hakuna mtu anayeangalia filamu hivyo!

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitunga kanuni maalumu ya kutangaza nguvu za amplifaya kwa sababu namba za matangazo zilikuwa hazilinganishiki, na mwaka 2024 ikalazimika kuifanyia marekebisho. Kwa hiyo ukisimama mbele ya boksi mbili, linganisha mstari wa pili na mstari wa pili. Ukikuta kitabu hakina mstari huo kabisa, hilo nalo ni jibu. Ukiona PMPO, namba ya kilele iliyokuzwa kwa ajili ya tangazo, pita.

Sasa tuseme unalinganisha risiva ya wati 80 na ya wati 100, na namba zote mbili ni za kweli. Bado hazina uzito unaozipa. Ukizidisha wati mara mbili unapata ongezeko la desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 80 hadi 100 ni desibeli 1 tu. Kwenye risiva nyingi kila unapobonyeza kitufe cha sauti unaongeza nusu desibeli, kwa hiyo ile tofauti unayotaka kuilipia ni kubonyeza rimoti mara mbili. Watu hupanda daraja zima la bei kwa ajili ya hiyo.

Angalia upande wa spika. Chukua spika yenye usikivu wa desibeli 87 kwa wati 1 kwenye mita 1, yaani ukiilisha wati 1 na kusimama mita 1 unapata desibeli 87. Ukikaa mita 3 kutoka kwake, hiyo wati moja inakupa karibu desibeli 77, bila kuhesabu msaada wa kuta. Watu wawili wakizungumza kawaida ni kama desibeli 60. Maana yake sehemu kubwa ya filamu unaiangalia spika ikila chini ya wati moja. Kazi inakuja kwenye vilele, mlipuko au mlango unaobamizwa. Kiwango cha rejea cha kumbi za sinema kinaruhusu vilele vya desibeli 105 kwa chaneli kuu, na kwa spika hiyo kwenye mita 3 ungehitaji karibu wati 600. Risiva ya bei nafuu haifiki huko, na ya bei mbaya pia nyingi hazifiki. Lakini nyumbani wengi husikiliza desibeli 15 chini ya hapo, na wakati huo kilele kilekile kinataka karibu wati 20. Ishirini! Ukinunua spika ya desibeli 90 badala ya 87, hitaji hilo linashuka hadi nusu, na hukugusa risiva kabisa. Ndiyo maana kila siku nasema bajeti ianzie kwenye spika.

Weka na subwufa yenye amplifaya yake. Kisha ingia kwenye menyu, spika zote ziandike kuwa ndogo hata kama kwa macho ni kubwa, na mpaka wa masafa uuweke hezi 80. Besi yote ya chini inahamia kwenye subwufa na risiva inapumua. Hatua hiyo inaipa risiva ya wati 80 nafasi kubwa kuliko kuhamia risiva ya wati 110.

Kuna hoja moja ya wapinga wati inayoniudhi karibu sawa na boksi lenyewe. Mtu anageuza risiva ya chaneli saba zenye wati 80, anasoma nyuma kwamba inatumia umeme wati 400, anapiga hesabu: saba mara themanini ni 560, basi kampuni imedanganya. Taratibu. Ile namba ya nyuma kwa kawaida haipimwi amplifaya ikiwa imebanwa hadi mwisho. Hupimwa ikitoa kama sehemu moja ya nane ya nguvu zake, kwa kuwa muziki na filamu kwa wastani havizidi hapo. Vilele ni vya muda mfupi sana, na kapasita zimeshatunza umeme wa kuvilisha. Kwa hiyo 400 nyuma na 560 kwenye karatasi vinaweza kukaa pamoja bila uongo, ingawa ukiziendesha chaneli zote saba kwa pamoja na kwa muda mrefu, kila moja itashuka sana chini ya 80. Hilo ni kweli kwa karibu kila risiva ya daraja hili na halinisumbui.

Ile seti ya wati 1000 ndiyo inayonisumbua. Zipo ambazo nyuma zimeandikwa matumizi ya umeme yasiyofika wati 100. Sehemu moja ya nane ya 1000 ni 125. Hata kwa kipimo cha huruma mashine hiyo haiwezi, maana amplifaya haitoi mfululizo zaidi ya inachovuta ukutani.

Watakuambia pia uinyanyue, nzito ndiyo nzuri. Kwa amplifaya ya daraja AB, muundo wa kawaida wa risiva nyingi, ni dalili nzuri, kwa sababu uzito ni transfoma na bamba la kupozea. Kwa daraja D, muundo usiopoteza umeme mwingi kwa joto, haikuambii kitu. Hizo ni nyepesi na zinaweza kuwa na nguvu ya kweli.

Swichi ya omu kwenye menyu: iache 8. Ukiweka 4 au 6, kwenye mashine nyingi volti za kulisha amplifaya zinapunguzwa ili isipate joto kupita kiasi, na unapoteza nguvu uliyoilipia. Vitabu vya maelekezo vinasema uibadilishe ukiwa na spika za omu 4, nami sitakuzuia kufuata kitabu ikiwa spika zako kweli ni za omu 4 na unapiga sauti kubwa kwa saa nyingi. Kwa spika za omu 6 na 8, usiiguse. Na juu ya risiva acha nafasi ya hewa, usiilazie kisimbuzi mgongoni.

Kitu ambacho ningekilipia kabla ya wati ni upimaji wa chumba kwa maikrofoni. Chumba kinaharibu besi kuliko amplifaya yoyote: kiti kimoja kinavuma, kiti cha pili hakina besi kabisa. Maikrofoni iweke kwenye stendi kwa urefu wa masikio, si juu ya mto wala mkononi, zima feni, nyamaza. Ikimaliza, rudi kwenye menyu uhakikishe, kwa sababu mara nyingi mfumo unaziandika spika za mbele kuwa kubwa na kufuta ule mpaka wa hezi 80. Umbali na viwango vya sauti huvipata vizuri sana. Masahihisho yake kwenye sauti za juu siyaamini sana: kuna vyumba ambamo mazungumzo yanang'aa, kuna vingine yanafifia kama yamefunikwa kitambaa, na mafundi tunabishana sababu. Sikiliza ukiwa umeyawasha, kisha ukiwa umeyazima, uchague. Vivyo hivyo ule usemi kwamba amplifaya ndogo ndiyo inayounguza twita, kispika kidogo cha sauti za juu. Ikibanwa hadi kukata mawimbi inaweza kuunguza, lakini kubwa nayo huunguza, na aliyeshika rimoti ana sehemu yake. Simshauri mtu aongeze wati kwa hofu hiyo.

Mengine kwa haraka. Chaneli 5.1 (spika tano na subwufa moja) zinatosha chumba cha kawaida. Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu yako, ya 5.1.2 (mbili za mwisho ni spika za juu) inataka risiva ya chaneli saba. Hesabu vifaa vyako, kisha uongeze tundu moja la HDMI. Kwa michezo ya 4K kwenye hezi 120 tafuta HDMI 2.1 na usome ni matundu yapi hasa yanayoipitisha, maana si lazima yawe yote. Kama unatazama kwa intaneti tu kupitia runinga, ARC ya kawaida (njia ya HDMI inayorudisha sauti ya runinga kwenye risiva) inapitisha Dolby Digital Plus, sauti iliyobanwa ya huduma za intaneti, na Atmos ya huduma hizo inasafiri humohumo. eARC, toleo lake lenye uwezo zaidi, inakuwa ya lazima pale diski yenye TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora, inapochezwa kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye runinga. Kebo ya optiki haifikishi hata hiyo Plus.

Ndiyo maana siogopi risiva iliyotumika. Yenye HDMI 1.4, toleo la 2009, haitapitisha picha ya 4K ya leo yenye ulinzi, na kwa sababu hiyo watu wanaiuza kwa bei ya kutupa ikiwa na transfoma ambayo risiva mpya za bei hiyo hazina. Chomeka vifaa vyote kwenye runinga, hakikisha risiva ina ARC, rudisha sauti kwa kebo moja. Utakosa TrueHD, na Atmos pia kwa kuwa risiva za umri huo haziifahamu. Kabla ya kulipa, ijaribu kila chaneli kwa spika moja, moja baada ya nyingine, na uiache ikilia nusu saa uone kama itajizima.