Wimbo Wako Mwenyewe Jukwaani Tabora: Yanayosemwa na Yalivyo

Usiku wa jukwaa la wazi, au openi maiki kama vijana wa mjini wanavyouita, hauna urasimu. Unawahi, unaandikisha jina, unapewa dakika kumi au kumi na tano, zamu yako ikifika unapanda. Ila anayepanda na wimbo aliotunga mwenyewe ana mzigo ambao mwenzake anayeimba wimbo maarufu hana: ukumbi mzima hakuna anayeyajua maneno. Watayasikia mara moja, papo hapo, basi. Dhana nyingi zinazowaponza watunzi wachanga zinatokana na kulisahau hilo.

"Watu wanataka nyimbo wanazozijua tu"

Tabora ndio mji wa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi zilizojijengea jina kwa tungo zao wenyewe. Kila wimbo wao uliopendwa ulikuwa na usiku wake wa kwanza, ambapo hakuna aliyeujua.

Kinachomchosha msikilizaji ni wimbo unaochelewa kuanza. Chukua wimbo wa mapigo 80 kwa dakika. Ukiutangulizia ala kwa vipimo 16 vya mapigo manne manne, sekunde 48 zimeondoka kabla hujafungua mdomo. Kwenye redio zinapita, lakini ukumbini watu wameshageukia mazungumzo yao. Vipimo vinne vinatosha, yaani sekunde 12. Kibwagizo kifike kabla dakika ya kwanza haijaisha, na kirudi mara tatu au zaidi, kwa sababu mara ya kwanza watu wanasikiliza tu, ya pili wanakitambua, ya tatu ndipo wanaitikia. Na usiusimulie wimbo kabla ya kuuimba. Jina lake na sentensi moja, ingia.

"Melodi ikiwa nzuri, maneno yatajipanga yenyewe"

Hayajipangi. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi ikiupeleka pengine, sikio linasikia neno jingine au halisikii neno kabisa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni *barabara*. Ukiikaza *ba* ya pili, umetaja njia ya magari. Ukiikaza *ra* ya kwanza, umesema "sawasawa". Mtunzi anayeimba safari ya kwenda Kigoma, akaiweka noti ndefu juu ya *ra* ya kwanza, atakuwa amewapa watu maana ambayo hakuikusudia, na hawana nafasi ya kurudisha nyuma wasikilize tena.

Namna ya kukagua ni hii. Sema mstari wako kama unavyoongea na mtu barazani, bila kuimba, ukipiga kofi kila panapoangukia mkazo. Kisha uimbe ukipiga makofi kwenye mapigo mazito. Makofi yakipishana, badilisha neno au sogeza noti. Kuvuta irabu ya mwisho, *moyooo*, hakuna ubaya, mradi silabi yenye mkazo iwe imeshapata pigo lake.

"Kijiko cha asali kabla ya kupanda kinasafisha sauti"

Asali ya Tabora tunaipenda, na inatuliza koo linalowasha. Lakini nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, ilhali chakula na kinywaji hupita njia nyingine. Chochote unachomeza hakizigusi, na kikizigusa utapaliwa. Maji yanazifikia kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke: dakika tano hadi kumi za kuvuta mvuke wa maji ya moto, uso ukiwa mbali kiasi cha kutoungua. Halafu pasha sauti kwa dakika kumi, ukianzia chini na kwa sauti ndogo. Soda iache mpaka ushuke. Gesi itakutoka katikati ya ubeti.

"Kukishika kipaza kwa kichwa ndiyo sauti inakuwa nzito"

Hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Vipaza vingi vya jukwaani vimetengenezwa visikie mbele na visisikie nyuma, na uwezo huo unategemea matundu yaliyo nyuma ya wavu. Ukikikumbatia kichwa kwa kiganja, unayaziba. Kipaza kinaanza kusikia pande zote, kinaichukua sauti ya spika, kinairudisha kwenye spika, na ule mlio mkali unaanza. Wengi wakiusikia wanakaza mkono zaidi, au wanakielekeza kipaza chini, kumbe chini ndiko iliko spika ya mwimbaji.

Shika katikati ya mpini. Midomo iwe umbali wa vidole viwili hadi vitatu. Ukisogea karibu zaidi besi inaongezeka, jambo linalofaa kwa mstari wa kunong'ona. Ukienda kupiga noti ya juu, rudi nyuma kama shubiri moja. Herufi *p* na *b* hutoa pumzi inayogonga kipaza kama ngoma, na Kiswahili kimejaa *pole*, *pendo*, *baba*. Kiinamishe kidogo, kielekee pembe ya mdomo, pumzi ipite pembeni. Usisimame mbele ya spika kubwa zinazotazama watu. Baki nyuma ya mstari wa spika hizo.

"Fundi aongeze eko, itapendeza"

Ukumbi wa bati na sakafu ya saruji una mwangwi wake tayari. Eko ikiongezwa juu yake, mwisho wa neno unaangukia mwanzo wa linalofuata. Kwa wimbo usiojulikana, omba eko ipunguzwe.

"Mambo ya mitambo ni ya fundi"

Fundi hawezi kukisia usichomwambia. Mpe karatasi: idadi ya nyimbo, unapiga nini, na wapi biti inaanza. Kama gita lako lina pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) inayotumia betri, weka mpya, mara nyingi ni ya volti 9, kwa sababu ikichoka sauti inakwaruza na watu watadhani waya ni mbovu. Waya wa gita usizidi mita 6 kama hakuna kisanduku cha DI, kile kinachoiandaa sauti ya gita isafiri kwenye waya mrefu. Ukiwa mrefu unapunguza ukali wa sauti na kuokota mvumo. Nyuzi mpya zifungwe siku moja au mbili kabla, uzivute zimalize kulegea. Nyuzi za chuma zikipata joto hushuka, zikipoa hupanda, kwa hiyo gita lililotoka juani alasiri lituniwe upya ndani ya ukumbi.

Biti iwe ndani ya simu yenyewe, si ya kufungulia intaneti. Iwe haina sauti yako ya kuongoza. Washa hali ya ndegeni, la sivyo simu ya mjomba itaita kwenye spika zote. Chukua na adapta kama simu haina tundu la hedifoni.

"Ukikosea, omba radhi uanze upya"

Hawaujui wimbo, kwa hiyo hawajui ulipokosea. Endelea. Kosa linalosikika kweli ni mwendo: hofu inaukimbiza wimbo. Wimbo wa dakika nne kwa mapigo 80 ukiupiga kwa 92 unaisha kwa dakika tatu na nusu hivi, na maneno yanasagika. Kabla ya kuanza, imba kibwagizo moyoni, mwendo wake ndio wa kushika.

"Usiimbe wimbo ambao hujausajili, utaibiwa"

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa sababu tu imebuniwa. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni mzuri kufanywa kwa sababu unakupa ushahidi, lakini haki yako haianzii pale. Kabla ya kuuimba hadharani jirekodi kwa simu, uhifadhi faili lenye tarehe na mashairi yaliyoandikwa. Cha kuhofia zaidi ni biti. Kama imetengenezwa na mwingine, andikishaneni nani anamiliki nini, hata kwa ukurasa mmoja wenye sahihi mbili. Biti ya mtandaoni iliyoandikwa "bure" mara nyingi ina masharti, yasome.

"Umeme ukikatika, zamu yako imeisha"

Kwa mwenye gita kavu, la. Sogea hatua mbili mbele, acha ubeti, imba kibwagizo na makofi. Mwenye biti tupu ajifunze kibwagizo chake bila ala kabla ya siku hiyo. Umeme ukirudi usikiguse kipaza mpaka fundi akupe ishara, maana mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) huwashwa kwanza na spika mwisho, zisitoe kishindo.