Mkono Upi wa Kusalimia Ukiwa Juu ya Pikipiki

Katika kazi yangu ya kufundisha uendeshaji wa pikipiki, swali la salamu huja mapema mno: mwanafunzi hajajua vizuri kuondoka na gia ya kwanza, tayari anataka kujua anyooshe mkono gani akipishana na mwenzake barabarani. Wengi wao wamekwisha kutazama video za waendeshaji wa Marekani na Ulaya wanaoshusha mkono wa kushoto hadi usawa wa goti, vidole viwili vikiwa vimenyooka kuelekea kwenye lami, nao huiga ishara hiyo vilevile katika Barabara ya Morogoro, kisha hushangaa kwamba hakuna anayewajibu. Hawajibiwi kwa sababu hawaonekani. Ishara ile ilizaliwa katika nchi ambazo watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiifanya huku kwetu, ambako tunaendesha upande wa kushoto, pikipiki yako mwenyewe inaificha.

Kazi ya kila mkono ndiyo inayoeleza mambo haya yote. Mkono wa kulia unashika mafuta na breki ya mbele. Ukiuachia, springi inafunga mafuta papo hapo, injini inaanza kulizuia gurudumu la nyuma, na pikipiki inapunguza mwendo bila taa ya breki kuwaka, huku dereva wa lori aliye nyuma yako hana habari. Tena breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha, kwa kuwa uzito huegemea mbele mara tu unapofunga breki. Kwa hiyo mkono wa kulia haupungwi, na hilo silifanyii mjadala darasani. Mkono wa kushoto, kwenye Boxer au TVS, unashika klachi, na klachi inahitajika wakati wa kuondoka, kubadili gia na kusimama. Ukishaingia gia ya mwisho na barabara imenyooka, mkono huo hauna kazi nyingi. Ndiyo maana karibu kila mahali duniani mkono wa salamu wa mwendesha pikipiki ni wa kushoto, hata kwa mtu anayefanya mambo yake mengine yote kwa mkono wa kulia.

Linalobaki ni upande wa barabara. Ufaransa, Ujerumani na Marekani, pikipiki inayokuja inapita kushoto kwako, yaani upande uleule wa mkono ulio huru, na inatosha kuushusha au kuufungua kidogo ili mwenzako auone. Wafaransa hufanya alama ya V kwa vidole viwili, na wengi huihusisha alama hiyo na Barry Sheene, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za cc 500 mwaka 1976 na 1977, ambaye alizoea kuinua vidole viwili vya ushindi. Wafaransa hao hao wana ishara nyingine ninayoipenda zaidi: wanapopenya katikati ya foleni na dereva wa gari akawapisha, hunyoosha mguu wa kulia pembeni kumshukuru, kwa sababu ndani ya foleni mikono yote miwili ina kazi, mmoja kwenye klachi na mwingine kwenye breki. Mgeni asiyeijua desturi hiyo anaweza kudhani ametishiwa teke.

Waingereza, ambao huendesha kushoto kama sisi, hawakupata nafasi hiyo. Kwao mkono ulio huru uko upande wa ukingo wa barabara, mbali na anayekuja, na mkono wa karibu naye ndio ulioshika mafuta. Wakaamua kutumia kichwa: anayepishana na mwenzake huinamisha kichwa kidogo, mara nyingine akikielekeza kulia, na yule naye hujibu hivyo hivyo. Tanzania, Kenya na Uganda tumo katika hali hiyo hiyo ya barabara, na kwa maoni yangu kichwa ndicho kinachotufaa, ingawa vijana hukiona hakina mbwembwe. Anayetoka Ngara na kuvuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda huhamia upande wa kulia wa barabara, na ishara ya kushusha mkono wa kushoto, ambayo upande wa Tanzania haikuwa na maana, huanza kuonekana papo hapo; Burundi na Kongo ni vivyo hivyo. Waendeshaji wa masafa marefu wanaopita mipaka hiyo huzoea kubadili salamu pamoja na upande.

Kwetu kuna sababu nyingine, ambayo haitoki kwenye mitambo. Watu wa pwani, na Waislamu wengi popote walipo, hawampi mtu kitu kwa mkono wa kushoto, hawali kwa mkono wa kushoto, na kumpungia mtu mzima mkono huo ni kumvunjia heshima. Mwendesha pikipiki aliyelelewa hivyo anajikuta kati ya adabu na usalama: mkono wa heshima umefungwa na mafuta, na mkono ulio huru ndio ule aliokatazwa tangu utotoni. Nimewaona Unguja, ambako Vespa bado ziko nyingi, jinsi wazee wanavyolimaliza jambo hili bila kulizungumzia. Mzee amevaa kanzu na kofia, amekaa wima kama aliye kitini barazani, anakuja taratibu kutoka Darajani. Anamwona mwenzake kwa mbali, anainamisha kichwa, na kwa kuwa mwendo wa mjini ni mdogo, anatoa salamu kwa sauti, "Asalaam aleikum," ambayo husikika kabla hawajapishana na hujibiwa baada ya kupishana. Mikono yote miwili ya kila mmoja inabaki kwenye usukani. Abiria aliyekaa nyuma ndiye anayeweza kuinua mkono wa kulia, na mara nyingi huuinua kwa niaba ya wote wawili.

Vespa yenyewe inastahili maelezo, kwa sababu waendesha pikipiki kubwa hulalamika kwamba watu wa skuta hawajibu salamu. Ukiangalia skuta inavyoendeshwa utaona kuwa lawama hiyo haina msingi. Vespa ya asili, aliyoibuni Corradino D'Ascanio kwa kampuni ya Piaggio mwaka 1946, ina klachi na gia katika mkono mmoja: mwendeshaji hubana klachi kwa mkono wa kushoto kisha huzungusha mshikio wote wa kushoto, klachi ikiwa ndani yake, ili kuingiza gia. Mguu wake wa kushoto, ambao kwenye pikipiki ndio unaobadili gia, hauna kazi yoyote. Skuta za kisasa zisizo na gia zina breki ya nyuma kwenye mkono huo huo wa kushoto, kwa hiyo anayeuachia ameachia breki, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kuachia klachi. Mtu wa skuta akiinamisha kichwa tu, au asipofanya lolote katikati ya mji, si kwamba amekudharau. Aliye na mkono huru kuliko wote ni mwendesha Honda Super Cub, pikipiki ndogo iliyotoka mwaka 1958 ikiwa haina klachi ya mkono kabisa. Wajapani husimulia kuwa iliundwa hivyo ili mpeleka tambi aweze kubeba sinia kwa mkono mmoja. Huyo anaweza kukupungia hata akiwa anabadili gia, mradi hana sinia.

Baridi iliyopo kati ya skuta na pikipiki huko Ulaya ina historia yake pia. Uingereza, mwaka 1964, vijana wa skuta waliojiita Mods na vijana wa pikipiki walioitwa Rockers walipigana katika miji ya ufukweni, Clacton wakati wa Pasaka, kisha Margate na Brighton mwezi Mei. Magazeti yalilikuza jambo hilo kupita kiasi, lakini mgawanyiko ulibaki, na hadi leo wapo waendeshaji wa pikipiki kubwa wasiosalimia skuta kwa kanuni. Huku kwetu ugomvi huo haukuwapo. Anayeuiga anaiga chuki ya watu ambao hawajui hata babu zao waligombania nini.

Tofauti tuliyo nayo sisi ni kati ya mji na safari. Mjini Dar es Salaam bodaboda hawasalimiani kwa ishara, na hawawezi kufanya hivyo, maana mtu angepunga tangu Ubungo hadi Kariakoo bila kupumzika. Wanasalimiana wa kijiwe kimoja, kwa jina au kwa utani, na salamu yao inahusu kijiwe kuliko pikipiki. Honi nayo imekwisha kupata kazi nyingine: honi fupi ya bodaboda humwambia mtu aliyesimama pembeni kwamba usafiri upo, kwa hiyo ukimpigia mwenzako honi kumsalimia, atakayegeuka ni abiria. Taa ina shida kubwa zaidi. Kuwashiwa taa mara mbili na anayekuja, katika barabara zetu kuu, kunamaanisha kwamba trafiki wako mbele na huenda wana tochi ya kupimia kasi, au kwamba umesahau taa zako kwenye fulu, au kwamba kuna ajali. Mgeni anayewasha taa kwa nia njema ya kusalimia huwafanya watu wapunguze mwendo na kutafuta askari ambaye hayupo, na akilifanya hilo mara nyingi, siku atakayowasha kwa sababu ya ng'ombe barabarani hatasadikiwa. Mimi huwaambia wanafunzi waiache taa iwe ya tahadhari. Kwenye barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi nimewashiwa taa kwa ajili ya tembo, na sikutaka kuanza kujiuliza kama yule bwana ananisalimia.

Nje ya mji, mizigo imefungwa nyuma na mji ujao uko mbali, salamu hurudi yenyewe. Wapishanao huko ni wachache, kila mmoja anajua upepo wa mabasi anaoupambana nao mwenzake, na kichwa kinainama bila kufundishwa. Hapa ndipo ninaposisitiza hesabu. Pikipiki mbili zinazokwenda kilomita 80 kwa saa kila moja zinakaribiana kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, ambayo ni mita 44 hivi kwa sekunde. Zikionana zikiwa umbali wa mita 200, zina sekunde nne na nusu tu hadi kupishana. Mtu anayetoa mkono kwa sekunde mbili atakuwa amekwenda mita 44 akiwa na mkono mmoja, na shimo moja katika mita hizo linaweza kuuzungusha usukani kabla hajaurudisha. Kichwa hakina gharama hiyo. Hata hivyo, zipo sehemu ambazo hata kichwa hakifai. Kwenye kona za mlima Kitonga, malori yakiwa yanashuka kwa gia nzito na mengine yakipanda kwa kutambaa, macho hayapaswi kuondoka kwenye njia hata kidogo, na mwenzako anayejua kazi yake hatategemea salamu yako pale. Hivyo hivyo wakati unapita gari, unapokata kona, juu ya mchanga au kokoto, na kwenye mvua.

Kuna jambo moja la salamu za barabarani ambalo naona halitupendezi sisi Waswahili, nalo ni kwamba helmeti huficha umri. Katika maisha ya kawaida mdogo ndiye anayeanza, husema shikamoo na hupewa marahaba, na kila mtu anajua mahali pake. Barabarani hakuna ajuaye nani mkubwa, kwa hiyo anayeona kwanza ndiye anayeanza. Hesabu ya umri hufanyika baadaye, kwenye sheli. Pale Chalinze, ambako njia ya Tanga na ya Morogoro huachana, utamkuta kijana aliyekuinamishia kichwa kwa ujasiri muda mfupi uliopita anasubiri zamu ya mafuta. Unavua helmeti, anaona mvi, naye anasogea kusema "Shikamoo mzee," kwa sauti ya chini kidogo, kama kwamba ile ya barabarani haikuhesabika. Nami humjibu marahaba na kumuuliza hali ya njia aliyotoka, kwa kuwa ndilo analoweza kunipa la maana zaidi.

Kubwa kuliko ishara zote ni kusimama. Ukikuta matawi mabichi yametandazwa kwenye lami, ujue mbele kuna chombo kimeharibika, na ikiwa ni pikipiki, desturi ya safari inakutaka usimame hata kama hamjuani. Usisimame kabla yake wala mkabala naye. Mpite, washa indiketa ya kushoto, na uegeshe nje ya lami mbele yake, ili akuone unatembea kumwendea na asipate hofu ya mtu anayemjia kwa nyuma. Mara nyingi tatizo ni plagi, mnyororo au mafuta. La mafuta ndilo jepesi: kwenye Boxer unafunga koki chini ya tangi, unachomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, unaweka mdomo wa chupa tupu ya maji chini ya koki na kuifungua pole pole hadi upate nusu lita. Mafuta yakimwagika juu ya injini ya moto, subiri yakauke kabla ya kuwasha, na hakikisha klipu ya mpira umeirudisha mahali pake, kwani pikipiki ya pili kukosa mafuta katika barabara hiyo inaweza kuwa yako.