Ufalme wa kikatiba maana yake nini?

Mfalme wa Uingereza anapofungua kikao cha Bunge, humtuma mjumbe akawaite wabunge waliochaguliwa na wananchi. Mjumbe akifika mlangoni, mlango hubamizwa mbele ya uso wake. Hugonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi ndipo afunguliwe. Mwaka 1642 Mfalme Charles I aliingia ukumbini mwao na askari akitaka kuwakamata wabunge watano. Tangu hapo hakuna mfalme aliyekanyaga humo wabunge wakiwa kikaoni, na mlango ule unabamizwa hadi leo ili asisahau.

Wabunge wakishafika, mfalme huwasomea hotuba ambayo hakuiandika yeye. Imeandikwa na serikali.

Huo ndio ufalme wa kikatiba: mfalme ni mkuu wa nchi, lakini anayetawala ni waziri mkuu na Bunge. Muswada hauwi sheria bila idhini ya mfalme, ila mara ya mwisho idhini hiyo kunyimwa ilikuwa 1708, enzi ya Malkia Anne. Eswatini, kwa kulinganisha, mfalme anatawala kwelikweli.

Wengi hudhani kiti cha ufalme kinasimama kwa damu ya ukoo peke yake. Sivyo. Desemba 1936 Edward VIII alitaka kumwoa Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa na talaka, na serikali ikakataa. Akatia saini kujiuzulu tarehe 10, lakini hakuweza kuondoka hadi Bunge lipitishe sheria kesho yake. Hata kushuka kwenye kiti kunahitaji ruhusa ya Bunge, na Bunge huwekwa na wapiga kura. Kwa hiyo maoni ya watu si porojo za vijiweni. Ndiyo nguzo yenyewe.

Nguzo hiyo ikoje sasa? Kura za maoni kwa miaka mingi zimeonyesha Waingereza wengi wanataka ufalme ubaki, ila wazee wanautaka kuliko vijana, tena kwa mbali. Septemba 2022 watu walipanga foleni kandokando ya mto Thames usiku kucha kuaga jeneza la Elizabeth II. Mei 2023, siku Charles III alipovikwa taji, wengine walisimama London na mabango ya manjano wakisema huyu si mfalme wao.

Mimi siwaoni wenye mabango kuwa ndio tishio kubwa. Anayepinga bado anaujali. Kijana anayelemewa na kodi ya nyumba, ambaye ufalme haumgusi kwa heri wala kwa shari, huyo ndiye wa kuangaliwa. Watetezi husema atabadilika akikua. Huenda, lakini ni dau kubwa kuiwekea taasisi ya karne nyingi.

Kwa sasa vyama vya Conservative na Labour havina mpango wa kuufuta. Kwingineko umeondoka kimyakimya: Barbados iligeuka jamhuri Novemba 2021. Sisi pia tulipita njia hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru, 9 Desemba 1961, Elizabeth alibaki Malkia wake, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull pale Dar es Salaam. Mwaka mmoja kamili baadaye ikawa jamhuri, Nyerere akaapishwa kuwa rais, na hakuna risasi iliyolia.