Uchunguzi wa mimea ya dawa: jinsi gome la mti linavyofuatiliwa hadi kemikali moja

Kuchunguza mmea wa dawa ni kuuliza maswali mawili, moja baada ya jingine. La kwanza: mmea huu una nguvu yoyote dhidi ya ugonjwa fulani? La pili: kama unayo, ni kemikali ipi ndani yake inayoifanya kazi hiyo? Swali la kwanza hujibika kwa wiki chache. La pili huweza kula miaka. Unaposikia kwamba wanasayansi wamepata mti unaotibu malaria, mara nyingi kilichopatikana ni jibu la swali la kwanza tu, tena ndani ya sahani ya maabara, kabla ya mgonjwa yeyote kuguswa.

Kazi yenyewe ina historia ndefu. Kwinini ilitolewa kwenye gome la mti wa sinkona na Pelletier na Caventou mwaka wa 1820. Atemisinini ilipatikana kutoka Artemisia annua nchini China. Tu Youyou aligundua kwamba kuuchemsha mmea huo kunaiharibu kemikali anayoitafuta, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mwaka wa 1972 kemikali safi ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Atemeta, iliyo ndani ya vidonge vya malaria vinavyotolewa katika zahanati za Kisumu, Siaya na Busia, imetengenezwa kutokana na atemisinini hiyo.

Huku Magharibi mwa Kenya malighafi haikosekani. Msitu wa Kakamega una miti na mizizi ambayo wenyeji wanaijua kwa majina na matumizi, katika soko la Kibuye mjini Kisumu huuzwa magome na mizizi iliyokaushwa, na maabara zipo: Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na kituo cha KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) cha Kisian, ambako malaria huchunguzwa. Kazi nyingi huharibika mwanzoni kabisa, kabla mmea haujafika maabara, kwa hiyo hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Ukimuuliza mganga wa mitishamba "huu unatibu nini?" umeuliza nusu ya swali. Muulize pia ni sehemu gani ya mmea, huchumwa msimu gani, huchemshwa kwa muda gani na kwa maji kiasi gani, mgonjwa hunywa siku ngapi, na dalili zipi huisha. Atakwambia "homa", na homa inaweza kuwa malaria, taifodi, nimonia au maambukizi ya mkojo. Mtafiti anayeandika "malaria" pale mganga aliposema "homa" ataupima mmea kwa vimelea visivyohusika, autupe bure.

Kisha lazima mmea utambulike bila shaka. Mwarobaini, Azadirachta indica, huchanganywa mara kwa mara na ndugu yake Melia azedarach, ambao matunda yake ni sumu. Tazama jani: la mwarobaini lina uti mmoja na vijani vimepangwa pande zake mbili moja kwa moja, ilhali la Melia uti wake hutoa matawi madogo, na vijani hukaa kwenye matawi hayo. Mtu aliyezoea hutofautisha kwa sekunde mbili. Gome likishasagwa, hakuna macho yatakayotofautisha. Ndiyo maana kila mmea unaokusanywa hutolewa kielelezo: tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, linabanwa kati ya magazeti, magazeti yanabadilishwa kila siku hadi likauke, kisha linapewa nambari, tarehe, mahali palipopimwa kwa GPS, kimo cha mti na jina la aliyelichuma. Kielelezo hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea, kwa mfano ile ya Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi. Utafiti usio na kielelezo hauwezi kurudiwa na mtu mwingine, na kwa maoni yetu haupaswi kuchapishwa.

Kukausha kunahitaji kivuli na hewa. Jua kali huvunja kemikali nyingi na kufukuza mafuta yanayonukia. Tandaza nyenzo nyembamba juu ya wavu, zigeuze kila siku, joto lisizidi nyuzi 40. Majani huchukua wiki moja hadi mbili, na gome huzidi hapo. Wakati wa mvua ndefu kuvu huingia usiku mmoja, nayo kuvu hutengeneza kemikali zake. Ukipima gome lenye kuvu, hutajua nguvu uliyoiona ilitoka kwa mti au kwa kuvu. Gome lililoshika kuvu hutupwa, halipanguswi.

Tuchukue mfano wa Warburgia ugandensis, mti ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi. Tafuna kipande cha gome lake na ulimi utawaka kama umeuma pilipili. Ukali huo hutokana na kemikali kama poligodiali na wabaganali, ambazo kila moja hubeba vikundi viwili vya aldehaidi (vikundi vya atomi vinavyoungana upesi na kemikali nyingine) vilivyo karibu karibu. Mfano huu unafaa kwa sababu unaonyesha uwezo na matatizo kwa pamoja.

Unasaga gramu 500 za gome kavu. Unaziloweka ndani ya lita 5 za kiyeyusho kwa saa 24, unachuja, unarudia mara mbili zaidi kwa kiyeyusho kipya, kisha unavukiza yote kwa mashine ya ombwe kwenye nyuzi 40. Kinachobaki chini ya chupa, kizito na cha kunata, ndicho dondoo ghafi. Gramu 25 hadi 75 ni kiasi cha kawaida. Wengi hutumia methanoli kwa sababu inachota karibu kila kitu. Lakini aldehaidi huweza kuungana na methanoli yenyewe na kuwa kemikali nyingine ambayo mti haukuwa nayo. Kwa gome la aina hii, kiyeyusho kingine, diklorometheni, ni salama zaidi. Pamoja na hayo, tengeneza dondoo la maji vilevile anavyofanya mganga, kwa kuwa hilo ndilo watu wanalokunywa. Lisipoonyesha nguvu yoyote huku la diklorometheni likionyesha, hilo ni tokeo la maana na liandikwe.

Sasa kipimo. Kwa malaria, vimelea vya Plasmodium falciparum hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu kwenye sahani ya vishimo 96. Dondoo huyeyushwa kwa kiyeyusho kiitwacho DMSO, hupunguzwa nguvu nusu kwa nusu kuanzia maikrogramu 100 kwa mililita, na baada ya saa 72 rangi inayong'aa inaposhikana na DNA hupima vimelea vimebaki kiasi gani. Kiwango kinachozuia nusu ya ukuaji huitwa IC50. Dondoo lenye IC50 chini ya 10 linastahili kuendelezwa. Likivuka 100, achana nalo. Sababu ni hesabu rahisi: mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, kwa hiyo ili damu ifikie maikrogramu 100 kwa mililita, nusu gramu nzima ya dondoo ingelazimika kuwa ndani ya mishipa kwa wakati mmoja, bila kuhesabu kinachoshikwa na ini, misuli na mafuta. Hata hivyo bado kuna makala yanayosifu dondoo zinazoua bakteria kwa viwango vya juu kuliko hivyo.

Kipimo hudanganya kwa njia zinazojulikana. Saponini, zile kemikali zinazotoa povu, hupasua chembe nyekundu. Vimelea hufa kwa kukosa makao, na asiye makini husema dawa imepatikana. Tanini hushikamana na protini yoyote iliyo karibu, kwa hiyo huonekana kuzuia kila kimeng'enya unachopima. DMSO ikizidi asilimia 0.5 huanza kudhuru yenyewe. Kwa bakteria, wale wanaoweka karatasi ndogo za duara juu ya ageri (jeli ya kukuzia bakteria) na kupima duara lililo wazi hukosa kemikali zinazopenda mafuta, kwa kuwa hazisambai ndani ya ageri yenye maji. Afadhali kupima ndani ya mchuzi wa virutubisho kwenye vishimo. Na daima weka vishimo vya kiyeyusho pekee, vya dawa inayojulikana kama klorokwini, na vya vimelea visivyopewa kitu. Bila hivyo vitatu, namba zako hazina cha kulinganishwa nacho.

Sambamba na hilo, dondoo lilelile hupimwa kwa seli za mamalia. Seli za Vero, zilizotokana na figo la tumbili, ndizo hutumika sana. Gawa kiwango kinachoua nusu ya seli kwa kile kinachozuia nusu ya vimelea. Jibu likifika 10 au zaidi, kuna tofauti ya kufanyia kazi. Likiwa 2, una sumu inayoua kila kilicho hai. Warburgia hukwama hapa: aldehaidi zake mbili hushika vikundi vya amini vya protini za kuvu, za vimelea na za binadamu bila kuchagua. Ukali ule wa ulimini ni dalili ya mmenyuko huohuo.

Dondoo likivuka hapo, ndipo unaanza utenganishaji unaoongozwa na kipimo, ambao ndio moyo wa kazi nzima. Kanuni yake ni moja: gawa dondoo katika sehemu, pima kila sehemu kwa kipimo kilekile, fuata ile yenye nguvu, igawe tena. Tuseme gramu 10 zimechaguliwa. Zichanganye na silika (unga mweupe wa madini unaoshika kemikali) yenye uzito uleule hadi ziwe unga mkavu, uziweke juu ya safu ya kioo (bomba lililosimama) yenye gramu 300 hadi 500 za silika iliyoloweshwa kwa kiyeyusho cha heksani. Anza kupitisha heksani tupu, kisha ongeza kiyeyusho cha pili, ethili asetati, polepole: asilimia 5, 10, 20, 40, hadi 100, na mwishoni methanoli kidogo. Kusanya mililita 50 kila chupa. Dondosha tone la kila chupa kwenye bamba jembamba la silika, litazame chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 na 366, kisha lipulizie kitendanishi cha Dragendorff, ambacho hugeuka rangi ya chungwa penye alkaloidi (kemikali za mimea zenye naitrojeni, kama kwinini). Chupa zenye madoa yanayofanana huunganishwa. Usiiache safu ikauke katikati ya kazi: silika hupasuka, kiyeyusho hupita kwenye nyufa, na kila kitu kilichoanza kutengana huchanganyika upya.

Mwenye uzoefu hufanya hesabu mbili kila hatua. Ya kwanza ni uzito: umeweka gramu 10, zimetoka ngapi? Zikitoka 6, zilizobaki zimeshikwa na silika, na huenda ndizo ulizokuwa ukizitafuta. Ya pili ni nguvu. Dondoo likiwa na IC50 ya 8, na kemikali moja yenye asilimia 5 ya uzito ikawa ndiyo inayofanya kazi yote, basi ikisafishwa inapaswa kufika karibu 0.4. Ukiona namba imebaki 8 hata baada ya kusafisha mara tatu, kuna jambo. Pengine kemikali mbili zilikuwa zikisaidiana na umezitenga, au asidi hafifu ya silika imeivunja moja, au imepotea pamoja na mvuke. Ndiyo maana kipande cha dondoo la awali hubaki kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri: unachanganya tena sehemu zote kwa uwiano wake na kulinganisha. Kama nguvu imerudi, kemikali zilikuwa zikisaidiana. Isiporudi, kuna kilichoharibika au kupotea.

Kabla ya kumaliza viyeyusho, pima uzito wa molekuli kwenye spektrometa ya masi na uangalie kama kemikali hiyo inajulikana tayari. Nitidini, kwa mfano, ilitambuliwa miaka ya 1990 kuwa na nguvu kubwa dhidi ya vimelea vya malaria ndani ya Toddalia asiatica, mmea unaotumiwa na Wapokoti. Atakayeitenga tena leo kutoka gome jingine hajapata dawa mpya. Kilicho kipya huenda kwenye mashine ya NMR, ambayo huonyesha atomi zimeunganishwaje, na miligramu 5 hadi 10 za kitu safi humtosha mkemia mzuri.

Tatizo la wingi hujitokeza baadaye. Vinkristini, dawa ya saratani ya damu, hutoka kwenye Catharanthus roseus, ua linalopandwa kwenye bustani nyingi mjini Nakuru, na kwa kawaida husemwa kwamba nusu tani ya majani makavu hutoa gramu moja tu. Jani huota tena. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na mwiria, Prunus africana, ambao gome lake huuzwa nje kwa ajili ya tezi dume, umewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995. Ukilazimika kuchukua gome, chukua upande mmoja tu, na pima majani pia: kwa Warburgia salutaris ya kusini mwa Afrika watafiti wamependekeza majani yatumike badala ya gome.

Ipo njia fupi isiyotafuta kemikali safi. Huko Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hupanda Ocimum kilimandscharicum, hutoa mafuta yake yenye kafuri kwa mvuke, na kwa ushirikiano na ICIPE (kituo cha utafiti wa wadudu kilicho Nairobi) wametengeneza Naturub, dawa ya kupaka. Hapo kinachohitajika ni mmea uleule, kiwango kilekile cha kafuri kila chupa, na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu.

Njia yoyote utakayochagua, karatasi hutangulia panga: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kufikia rasilimali za kijenetiki, ruhusa ya wasimamizi wa msitu, na ridhaa ya maandishi ya jamii iliyotoa maarifa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi, na Itifaki ya Nagoya, mapatano ya kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki yaliyoanza kazi 2014, inataka mgao wa faida ukubaliwe. Mapatano hayo yaandikwe kwa lugha ambayo mganga anaisoma, yataje jina la mmea, sehemu inayochukuliwa, kilo ngapi, nani ataandikwa kwenye hataza, na jamii itapata nini sampuli ikivuka mpaka wa nchi.