Chakula cha nyongeza: nyongeza juu ya nini?

Juzi tulikuwa kwenye arobaini mtaa wa Langoni, hapa Lamu, akina mama tumejaa ndani na mikeka imefika mpaka uani. Kando yangu alikaa binti mmoja na mwana wa miezi mitatu. Mwana alipoanza kulia, binti akatoa chupa mkobani, akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa tena. Unga wa mchele ulikuwa umetuama chini, na shingoni mwa chupa umeacha duara jeupe lililokauka. Tundu la chuchu lilikuwa limepanuliwa kwa sindano iliyopashwa moto, maana la dukani halikuweza kupitisha. "Nishamwanzia chakula cha nyongeza, shangazi," akaniambia kwa furaha. Mwana akavuta mara nne tano, akapaliwa, uso ukamgeuka. Mamake akamwinua, akampigapiga mgongo mpaka pumzi ikarudi, kisha akamrejeshea chupa ile ile.

Ni mara ya tatu kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo tangu Mfungo Mosi uandame. Mara ya kwanza ilikuwa dukani: muuzaji anamwambia mteja, "Unga huu ni wa nyongeza, tia vijiko viwili kwenye chupa ya usiku." Mara ya pili ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake, akimsifu mkaza mwana wake kwamba amechangamka, mtoto hana hata miezi minne na tayari "yuko kwenye nyongeza". Wote watatu wana nia njema, na wote wanalitumia neno la kliniki wakiamini wanafuata walilofundishwa kliniki. Kwa hiyo naona bora lizungumzwe neno lenyewe.

Maana yake kwa ufupi. Chakula cha nyongeza ni chakula anachoanza kupewa mtoto akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya, kwa sababu umri huo maziwa peke yake hayamtoshelezi tena, hasa kwa madini ya chuma. Hulishwa kwa kijiko au kwa mkono, kutoka bakulini. Anayelelewa kwa maziwa ya mkebe naye ni vivyo hivyo: maziwa yanabaki maziwa, chakula kinakuja kando. Shirika la Afya Duniani limeshikilia miezi 6 ya ziwa tupu tangu 2001, mwaka ule ule mji wetu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na linataka unyonyeshaji uendelee mpaka miaka 2 na zaidi.

Sasa neno. Nyongeza limetoka kwenye kuongeza, na kila mtu wa pwani analijua tangu utotoni kwa sababu ya dukani. Mchele ulipokuwa ukipimwa kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja, kulikuwa na kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto muuzaji anakijaza kisha anapitisha kiganja juu, kiwe sawa na mdomo wa kipimo. Akiwa mtu mwema anachota konzi moja zaidi na kukumiminia mfukoni: hiyo ndiyo nyongeza. Angalia ilivyo. Kibaba kimejaa kwanza. Konzi ile haikuchukua nafasi ya punje hata moja iliyokuwa ndani. Muuzaji anayetoa robo ya mchele wako na kujaza pumba mahali pake hajakupa nyongeza, amekupunja.

Unga ndani ya chupa ni wa namna hii ya pili. Tumbo la mtoto mchanga hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwana wa kilo 7 nafasi yake ni bilauri moja, basi. Vijiko viwili vya unga vikiingia humo, maziwa ya kiasi hicho yamebaki nje. Na kama mama ananyonyesha, ziwa lisilonyonywa hupunguza kutoa, na wiki mbili baadaye anasema, kweli kabisa, kwamba maziwa yake hayatoshi. Hapo ndipo anashauriwa azidishe unga.

Lakini nimekaa na kujiuliza: binti wa watu, aliyesoma, aliyehudhuria kliniki zote, amekosea wapi? Nimefikia kuamini kwamba aliyemponza ni neno dogo "kwenye". Muuguzi huwaambia akina mama kwamba chakula cha nyongeza ni "chakula kinachoongezwa kwenye maziwa ya mama". Sentensi hiyo haina kosa. Ila "kwenye" ya Kiswahili haichagui baina ya juu, ndani na kando. Kitabu kiko kwenye meza, kiko juu yake. Sukari iko kwenye chai, imeyeyukia humo. Mama mchovu, mtoto analia mapajani na foleni iko nyuma yake, anasikia "kwenye maziwa" na picha inayomjia ni ya sukari na chai. Anakwenda nyumbani na kufanya alichosikia. Muuguzi alikusudia "juu ya", kwa maana ya pamoja na, na mama akapata "ndani ya".

Tafsiri nayo ilichangia. Neno la Kiingereza lililoletwa kwetu kama "nyongeza" lina maana ya kitu kinachotimiza kingine, kinachokamilisha kilichobaki na pengo. Kutimiza na kuongeza ni majirani, ila si mmoja. Kinachozidishwa waweza kukizidisha wakati wowote, na kadiri unavyowahi unaonekana mama hodari. Kinachotimiza husubiri upungufu utokee kwanza, na kabla ya miezi 6 upungufu huo kwa kawaida haupo. Lau tungesema "chakula cha kutimizia", nadhani tungepata chupa chache za unga.

Kisha kuna ziwa na maziwa. Sisi tunasema mwana yuko ziwani, amekatazwa ziwa, anadai ziwa, na hayo maziwa anayoyapata ni wingi wa ziwa hilo hilo. Katika lugha yetu chombo na kinachotoka humo vilikuwa neno moja. Chupa ndiyo iliyovitenganisha, na tangu vitengane mtu anaweza kufikiri juu ya maziwa kama kinywaji tu cha kutiwa vitu, kama chai. Bibi yangu asingeweza hata kuelewa "kuongeza kitu kwenye ziwa" kwa maana ya ndani. Ungemwambia nyongeza ya ziwa, angefahamu mara moja kuwa ni kitu cha pembeni.

Na yeye alikuwa na neno lake, ambalo nasikitika kuona linasahaulika: kulikiza. Kulikiza mwana ni kumwachisha ziwa, na mzizi wake ndio uliozaa likizo, ile ya walimu na makarani. Ni kumpa mtu ruhusa ya kuondoka. Mwenye likizo haondoki asubuhi aliyoajiriwa. Ametumika muda wake, ukafika, akaruhusiwa. Kwenye Kiarabu cha msahafu, Sura ya Al-Baqara aya ya 233 inapotaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, neno la kuachisha ni fisal, yaani kutengana. Hapo mkazo uko kwenye mpaka kati ya mama na mwana, na kwetu uko kwenye ruhusa. Napenda zote mbili.

Wengine wanachanganya kulikiza na kuanza nyongeza, wakidhani ni jambo moja. Hapana. Baina yake ni mwaka mmoja na nusu au zaidi. Nyongeza inafungua kipindi, kulikiza kunakifunga, na katikati mtoto anakula na kunyonya vyote viwili. Kati ya miezi 6 na 8 anahitaji kutoka kwenye chakula kama kalori 200 tu kwa siku, katika jumla ya 600 hivi. Thuluthi mbili bado ni ziwa. Ikifika miezi 9 chakula hupanda mpaka kama 300, na baada ya mwaka kama 550. Ni ngazi, hupandwa kidato kwa kidato.

Turudi kwenye chupa, kwa sababu yenyewe ina hila ambayo mtu haioni mpaka aambiwe. Uji ili upite kwenye tundu la chuchu lazima uwe mwepesi kama maji. Ukiwa mwepesi hivyo hauna nguvu ya kumlisha mtu. Unajaza tumbo na kuondoka. Ukitaka uwe na nguvu lazima uwe mzito, na ukiwa mzito lazima utanue tundu, na ukitanua tundu mwana hawezi kuzuia kinachomjia. Mtoto wa miezi mitatu anajua kunyonya na kumeza kimiminika tu. Ulimi wake bado unasukuma nje chochote kisicho maziwa, na hiyo ni kinga aliyopewa. Chupa inairuka kinga hiyo na kuumimina uji kooni. Ndiyo maana ya kupaliwa niliyoiona pale mkekani. Kuna na usafi: unga uliokauka shingoni mwa chupa hauondoki kwa kusuuza, na kwa joto letu saa mbili zinatosha ule uchungu wa uji uliochacha kunuka. Kuharisha kunaanzia hapo.

Najua sababu kubwa ni usingizi. Hakuna mama anayetia unga mchana wa jua kali kwa raha zake. Anatia saa tatu ya usiku, akiwa hajalala siku nne. Nasema hili kwa huruma. Mwaka 1989 madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 106, wengine wakitiliwa unga wa mchele kwenye chupa ya kulalia tangu wiki 5, wengine tangu miezi 4. Unga haukuleta tofauti ya maana katika kulala usiku kucha. Utafiti wa Uingereza wa 2018 uliona watoto walioanzishiwa vyakula tangu miezi 3 wakilala zaidi kidogo, kama dakika 16 kwa usiku, lakini wale walilishwa chakula, si unga wa chupa. Mwana mchanga huamka kwa sababu tumbo ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Si dalili kwamba maziwa ni mepesi. Mizani ya kliniki ndiyo ya kuulizwa kama anashiba.

Kuna mlango mmoja ulio wazi, nao niutaje ili nisimkoseshe mtu haki yake. Mtoto anayecheua kupita kiasi, asiyeongezeka uzito kwa sababu hiyo, daktari anaweza kuagiza maziwa yake yazitishwe, kwa kipimo, kwa muda, naye akimfuatilia. Hiyo ni dawa na ina jina lake. Haiitwi nyongeza.

Na nyongeza ya kweli, siku yake ikifika, ni jambo la furaha. Mwana anakaa akiegemezwa, shingo imesimama, anafuata tonge lako kwa macho. Unampikia uji wa wimbi au wa mchele mzito, ukiinamisha kijiko haumwagiki, umetiwa tui la nazi. Siku nyingine kipande cha nguru kilichochambuliwa miba kikapondwa na kiazi, au kunde, au papai lililoiva. Vijiko viwili vitatu vya kuanzia. Atatema, atajipaka, utacheka.

Binti yule nilimngoja maulidi yaishe, tukabaki wawili tunakusanya vikombe. Nikamwambia, "Mwanangu, unga huo ni mzuri, uweke. Miezi mitatu ijayo utampikia uji nao, na kijiko nitakununulia mimi. Chuchu hiyo iliyotobolewa itupe, na ukiwa kazini kamua, aachiwe maziwa yako kwenye kikombe." Akaniuliza, "Na kliniki waliposema kwenye maziwa?"

"Walikusudia juu ya maziwa, mwanangu. Kando yake."

Akafikiri kidogo. "Na usiku je, shangazi?"

"Usiku mpe ziwa. Na alfajiri niletee huyo mwana, nawe ulale."