Louis Armstrong hakuzaliwa siku ya uhuru wa Marekani

Kwa miongo mingi imesemwa kwamba Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alizaliwa New Orleans tarehe 4 Julai 1900, yaani siku ya uhuru wa Marekani, tena katika mwaka ulio rahisi kukumbukwa. Yeye mwenyewe aliitaja tarehe hiyo maisha yake yote, na Julai 1970 mashabiki wake walimsherehekea kwa kutimiza miaka 70.

Katika miaka ya 1980, hata hivyo, mtafiti Tad Jones alikuta katika daftari la ubatizo la kanisa moja Katoliki la New Orleans jina la mtoto huyo, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1901 na kubatizwa tarehe 25 mwezi huohuo. Kumbukumbu iliyoandikwa wiki tatu tu baada ya mtoto kuzaliwa ina uzito kuliko simulizi za baadaye, na sioni sababu ya kumwita Armstrong mwongo, kwani maskini wengi wa mji ule hawakuwa na cheti chochote.

Tofauti hiyo ya miezi 13 inabadilisha hesabu kadhaa. Alipokamatwa kwa kufyatua bastola usiku wa kuamkia mwaka 1913, kisha akapelekwa katika makao ya watoto ambako alijifunza koneti (ala inayofanana na tarumbeta) kwa utaratibu, alikuwa na miaka 11. Alipojiunga na bendi ya King Oliver, mpiga koneti wa jazi, huko Chicago, Agosti 1922, ndiyo kwanza alikuwa ametimiza 21. Na alipofariki tarehe 6 Julai 1971, alikuwa na miaka 69.